Kambale wa Madoa Waliozaliwa Uani

MAELEZO YA SHAHIDI

Yametolewa barazani, Boma la Rumonge, siku ya Alhamisi, tarehe 9 Machi 1911, mbele ya Shaushi Amissi, mkuu wa askari wa Boma, na wazee wa mji.

Jina: Sharifa binti Abdullatif
Umri: Miaka arobaini na mmoja
Kazi: Mwalimu wa wasichana, Kurani na kuandika
Makazi: Rumonge, nyumba ya mawe nyuma ya msikiti

Shaushi Amissi, nanyi wazee wangu mlioketi hapa, nimeapa kusema kweli, na nitaisema kwa sauti itakayowafikia hata waliosimama nje. Amuri bin Hassani, mvuvi wa Minago, yuko mnyororoni. Anashtakiwa kwamba aliiba kambale wawili wa madoa kutoka kisanduku cha kioo cha Bwana Daktari, Mdachi wa hapa Bomani, ambaye sasa yuko safarini Usumbura, na kwamba aliwaficha nyumbani kwangu. Imeamriwa apigwe viboko hamsa ishirini kesho baada ya sala ya Ijumaa. Nimekuja kueleza samaki walioonekana kwangu walitoka wapi.

Marehemu baba yangu alijenga uani birika la mawe na chokaa kwa ajili ya udhu. Alipofariki, maji ya udhu tuliyahamishia mitungini, na birika nikalifanya makazi ya samaki. Fundi kutoka Ujiji aliutoboa ukuta wa mbele, akatia kioo cha dirisha, akakiziba kwa nta na sandarusi. Mwaka wa kwanza kilivuja, watu wakanicheka. Mwaka wa pili hakikuvuja. Siku hizi mtu akija kwangu kuomba moto, husimama mbele ya kioo hicho mpaka akasahau alichojia.

Miaka mitatu iliyopita, kabla Bwana Daktari hajafika Rumonge, Amuri aliniletea kambale wawili wa madoa walionaswa katika wavu wake. Kambale huyu hafai kitoweo. Ni mfupi, ana ndevu, na ukimshika hukoroma kama mzee aliyeamshwa. Mchana kutwa hujificha chini ya mawe. Jua likishuka hutoka kutafuta riziki yake. Wavuvi waliniambia kwamba hazai mikononi mwa binadamu. Sikubishana nao. Nilimpangia mawe, nikamwacha.

Katika birika hilo niliweka pia samaki wa milia, wale ambao jike huatamia mayai kinywani. Hilo kila mvuvi wa mwambao huu analijua. Lakini niliyoyaona kupitia kioo sijapata kuyasikia kwa mtu mwingine. Jike wa milia anapotaga, kambale humjia kwa kishindo, wakamsukuma, wakaangusha mayai yao papo hapo katikati ya yake. Naye, katika haraka ya kuyaokota ya kwake, huyaokota na ya kwao. Siku ya kutema watoto, wanaotoka wana ndevu na madoa.

Nilimwita Amuri aje kutazama. Alichuchumaa mbele ya kioo, akasema: "Bi Sharifa, huyu mama anabebeshwa watoto wa watu."

Nikamjibu: "Na anawalea kuliko wenyewe."

Tangu hapo wamezaliwa kwangu mara nyingi, na mimi ndiye niliyewalea.

Samaki hawa hawataki maji ya mvua wala ya kisima. Kwa hiyo Amuri huniletea maji ya ziwa, anayoyateka mbali na ufuko ambako wanawake hufulia kwa sabuni ya mawese. Mtungi huufunika kwa jani la mgomba ili maji yasimwagike. Njia yake hupita chini ya Boma, kwa kuwa hakuna nyingine.

Mnamo tarehe 6 Machi, siku ya Jumatatu, kama saa moja asubuhi, Amuri aliingia uani kwangu na mtungi wake. Nyuma yake aliingia Ombasha Aruna na askari wake wawili. Ombasha alilifunua jani, akakuta maji matupu. Akasema: "Basi umeshawamwaga." Kisha akaenda kwenye kioo.

"Hawa iko wa Bwana Daktari," akasema. "Madoa yao nayajua."

Nikamwambia: "Ombasha, hawa ni wazaliwa wa birika hili."

"Samaki iko na ukoo?"

Askari wakacheka. Jirani yangu Mwanahamisi, aliyekuwa akitwanga mihogo upande wa pili wa ua, akajibu kabla yangu: "Wa samaki tunaujua. Wako ndio bado tunauliza."

Ombasha hakucheka. Alimfunga Amuri mikono. Amuri alipokuwa akitolewa mlangoni aligeuka, akaniambia: "Bi, maji yabadilishwe leo. Musiyangoje mpaka nirudi." Niliyabadilisha mwenyewe. Nusu ya mtungi ilimwagika chini.

Jumanne, baada ya alasiri, Ombasha alirudi peke yake, akazungumza kwa upole. "Bi Sharifa, weye mutoto wa watu wakubwa. Sema tu Amuri alikuletea juzi, na hukujua ametoa wapi. Hakuna atakayekugusa."

Nilimjibu hivi: "Unanitaka niseme uongo juu ya mtu na juu ya samaki. Juu ya mtu sisemi, kwa sababu namwogopa Mungu. Juu ya samaki sisemi, kwa sababu ni kazi yangu."

Nanyi wazee, wako kati yenu walionishauri niseme kwamba wote wamevuliwa ziwani, mambo yaishe. Najua mlinitakia heri. Lakini hawakuvuliwa. Walizaliwa. Nendeni mkatazame: wako wa urefu wa kiganja, wako wa kidole, wako wa ukucha. Mwizi anaweza kuiba samaki wawili wakubwa. Hawezi kuiba na miaka waliyokulia.

Sitaki kuwachosha kwa maneno. Naomba beseni jeupe la Shaushi, na mtungi wangu ulioko mlangoni.

[Maandishi ya karani: Beseni limeletwa, likatiwa maji ya mtungi huo. Shahidi ametoa samaki wa milia mwenye kidevu kilichovimba, akamshika majini kwa kiganja. Samaki amefunua kinywa. Wametoka samaki wadogo wenye ndevu na madoa. Wazee wote wameinuka kutazama. Shahidi alipofungua kiganja, baadhi ya wadogo wamerudi kinywani. Shaushi ameamuru watu wakae.]

Naendelea. Kuhusu wale wawili wa Bwana Daktari, sikuwaona wala sikuwagusa. Nimeambiwa kwamba ndani ya kisanduku chake kuna chungu kilichopinduliwa juu ya changarawe. Najua pia kwamba Bwana amekataza mkono wa mtu yeyote kuingia katika maji yake, na Ombasha ni askari mtiifu. Aliwahesabu mchana, kwa macho, kupitia kioo. Kambale huyu hahesabiwi mchana. Ninauliza tu, kabla mtu hajachapwa, kama yuko aliyekiinua chungu kile.

Niliyoyaona na niliyoyalea ndiyo hayo niliyoyasema. Nimesomewa, hayakuongezwa wala kupunguzwa, na jina langu naliandika kwa mkono wangu.

(Sahihi, kwa herufi za Kiarabu) Sharifa binti Abdullatif

Maandishi ya Shaushi: Nimeyapokea maelezo haya barazani. Baada ya hapo nilikwenda kwenye kisanduku cha Bwana Daktari pamoja na wazee wawili. Kwa amri yangu, nami nitajibu kwa Bwana, Ombasha Aruna alitia mkono hadi begani, akainua chungu. Kambale wawili walikuwamo, wakakoroma. Amuri bin Hassani amefunguliwa mnyororo saa tisa alasiri. Nilimwomba shahidi awaache wale wadogo bomani, Bwana awaone akirudi. Amekataa, amesema Bwana anakaribishwa uani kwake, kama wengine. Samaki wamerudishwa kwake jioni hii kwa njia ya chini ya Boma. Mtungi, uliofunikwa kwa jani la mgomba, umebebwa na Ombasha.

Amissi, Shaushi