Mtu wa Kuleta Mikate

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama naye shikamoo. Natumaini kifua cha Mama kimepata nafuu, na kwamba mvua za huko Kibosho zimewaachia angalau siku mbili tatu za jua muanike kahawa. Mimi ni mzima wa afya, ila nimechoka. Huku Chicago theluji imeanguka wiki ya tatu mfululizo. Mgongo unaniuma, na vidole vinavimba kila ninapotoka kwenye joto na kuingia kwenye baridi.

Deo, mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea Baba kwa sababu ya macho yake. Soma polepole, wala usiruke kitu, hata pale utakapoona aibu kwa ajili yangu.

Baba, barua ya Deo ilinifikia Jumanne. Ameniandikia kwamba wenye ile nyumba ya mikate ya mjini, uliyoifanyia kazi tangu kabla sijazaliwa, wamefunga na kuhama nchi, na jengo limenunuliwa na mtu wa mitumba. Anasema ulishuka mwenyewe kwenda kuangalia tanuri likivunjwa, ukasimama hapo mpaka matofali yakapakiwa kwenye lori kwenda Bomang'ombe kujenga msingi wa nyumba ya mtu. Tangu siku hiyo unakaa tu uani, huongei, hata pombe yako ya mbege ukiletewa unaiacha. Anasema ulisema neno moja tu: "Kazi yangu imekwisha, na hakuna mtoto aliyeitaka."

Neno hilo nililisoma nikiwa kazini, nimesimama, mikono imejaa unga.

Ndiyo Baba, unga. Niliwaandikia kwamba nafanya kazi ofisini. Ofisini nilikaa miezi minne, wakanipunguza. Tangu hapo, huu ni mwaka wa nne, mimi ni mwoka mikate. Niliona aibu kuwaambia. Ulikuwa umeniambia mara nyingi kwamba unanisomesha ili nisije nikaishi na moto usoni kama wewe.

Mtaa ninaofanyia kazi ni wa watu waliotoka Meksiko. Kanisani wanasali kwa lugha yao, na mimi sasa naielewa kiasi. Mwenye nyumba ya mikate ni mzee mmoja, mjane, wote tunamwita Don Eusebio. Hilo Don ni kama sisi tunavyosema Mzee. Mikate yake ni ya sukari, ya kunywea chai au chokoleti ya moto. Upo unaoitwa concha, maana yake kombe la baharini. Ni donge laini la mayai, siagi na mdalasini. Juu yake unaweka kijichapati cha sukari, mafuta na unga, kisha unakichora mistari. Donge likiumuka, kile kijichapati kinapasuka kufuata mistari, na mkate unatoka tanurini umefanana na kombe. Kuna mingine ya umbo la vijinguruwe, ya rangi ya kahawia, yenye harufu ya sukari guru. Siku ya kwanza niliponusa ile harufu ilibidi nitoke nje kidogo. Nilikumbuka nikiwa mdogo tulipokuwa tunaishi Pasua, nikikufuata kazini siku za likizo. Ulikuwa unanikalisha juu ya gunia la ngano karibu na mlango, unanipa skonzi iliyobonyea upande, ile isiyoweza kuuzwa, na kunikataza nisiguse trei. Nilikuwa nakutazama tu. Ulikuwa unaviringisha skonzi mbili kwa mara moja, moja chini ya kila kiganja, huku unaongea na wenzako wala huangalii meza.

Hukunifundisha kamwe. Lakini siku Don Eusebio aliponipa donge anijaribu, mikono yangu ilifanya hivyo hivyo, mbili kwa mara moja. Akaacha alichokuwa anafanya, akanitazama. Mkate ulipoiva nikaugeuza na kuugonga chini kwa kidole kusikiliza kama umekauka ndani. Akaniuliza, "Nyumbani kwenu nani anaoka mikate?"

Nikamjibu hakuna. Nikasema baba yangu ni mkulima wa kahawa.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Kahawa unayo, si uongo mtupu. Lakini yeye mwenyewe ni mwoka mikate, hakuwa na sababu ya kukudharau, na mimi bado nikakuficha. Hakuuliza tena. Alinipa aproni, nikaanza kazi.

Sasa amezeeka. Tangu mwezi uliopita mkono wake wa kulia unatetemeka, hawezi kuchora zile concha. Kazi hiyo hakuwahi kumwachia mtu. Sasa naifanya mimi, na yeye anakaa kwenye kiti karibu nami, anaangalia. Trei ninanyanyua peke yangu. Jioni nikifika chumbani nalala na viatu.

Jumanne hiyo, baada ya kusoma barua, nilikaa naye tukiwa tumemaliza. Nikamwambia ukweli wote, kwamba baba yangu si mkulima tu, ni mwoka mikate, na kwamba tanuri lake limevunjwa. Nilidhani atakasirika.

Akasema, "Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nasubiri umtaje."

Kisha akataka nimwambie jina lako. Nikamwambia. Akalirudia mara mbili tatu mpaka akalipata vizuri, akainuka kwenda kufagia.

Baba, aliposema hivyo nilikukumbuka wewe, kwa sababu wewe pia ulijua. Ndilo hasa lililonifanya niandike, na nimelizungukia kurasa mbili.

Unakumbuka nilipokuwa kidato cha pili, kule shule ya masista, Jumapili ile ya wazazi kutembelea watoto. Wenzangu baba zao walikuja na magari, wamevaa suti. Wewe ulitoka kazini moja kwa moja, na koti lile la kijivu, unga kwenye nyusi, kikapu mkononi kimefunikwa kitambaa. Nilikuwa nimesimama na wasichana wawili karibu na geti. Mmoja akaniuliza yule ni nani. Nikasema, "Ni mtu wa kuleta mikate."

Ulikuwa hatua nne kutoka kwangu. Nilikuona unasimama. Halafu ukasogea, ukaweka kikapu chini mbele yangu, ukasema, "Dada, mikate yenu hii. Mgawane ikiwa bado ina joto."

Uliniita dada, kama mtu anavyomwita mteja asiyemjua. Ukageuka ukaondoka. Wale wasichana wakala skonzi zako wakazisifu. Mimi sikula.

Likizo niliporudi nilingoja unichape au unitukane. Mama alipokuuliza ile siku ya wazazi ilikuwaje, ulisema, "Tulionana. Anaendelea vizuri." Basi. Miaka yote hii hukulisema, na mimi sikulisema.

Ningekuwa nyumbani ningekuja na jani la sale mkononi, kama kwetu anavyokuja mtu anayeomba msamaha, nikasimama mlangoni mpaka uniambie niingie. Lakini karatasi zangu za kukaa huku bado hazijakaa sawa, nikitoka sitaruhusiwa kurudi. Kwa hiyo naomba msamaha kwa maandishi, tena kwa mdomo wa Deo. Naomba unisamehe, Baba. Na lile neno ulilosema ukiwa uani, naomba ulirudishe. Mtoto aliyeitaka kazi yako yupo. Hakukuambia tu.

Nisalimie Shangazi Apolonia, mwambie kitenge alichonipa ndicho ninachojifunika. Msalimie katekista aliyenibatizisha, na mama mdogo wa Uru, na Mama Sisti jirani yetu aliyekuwa akinisuka. Mama, vaa sweta asubuhi, usibishe. Deo, utakapoandika majibu, andika maneno ya Baba kama anavyoyasema, usiyanyooshe.

Kuna kitu kimoja nataka kujua, nimekuwa nikikifikiria tangu Jumanne. Jumapili ile gari la mwisho la kushuka mjini lilikuwa limeshaondoka. Nililiona likipita kabla hujafika getini. Kutoka shuleni mpaka Pasua ni mbali, na mvua ilianza saa kumi. Baba, ulifikaje nyumbani?

Mimi binti yako,
Manka