Kigoda Ambacho Sikukipiga Msasa

Ziwani, Nairobi
Julai 1996

Shemeji yangu mpendwa Muasya,

Pokea salamu zangu, wewe na Koki na Mama, nikitumaini kwamba baridi ya mwezi huu haijawasumbua vifua. Mimi huku Ziwani ni mzima. Bado nalala upande wangu wa kitanda, ule wa ukutani, kana kwamba marehemu Wathome atakuja kudai wake, lakini chakula kinapita na kazi naifanya, kwa hivyo usiwe na wasiwasi.

Barua yako niliipata. Nimeelewa kwamba Mama anakiulizia kigoda, kile cha mwisho ambacho Wathome alimchongea, na kwamba mnataka nikipige msasa nikilete nyumbani Wamunyu kabla ya mvua. Nitakujibu, ila naomba unisikilize kwanza habari za makumbusho, kwa sababu zimeshikana na kigoda hicho.

Unakumbuka kwamba kabla hajaugua, ndugu yako alipewa kazi na makumbusho madogo ya huku mjini. Walitaka nakala za vitu vyao vya zamani, vigoda, miiko, mizinga ya nyuki. Vyenyewe viko nyuma ya vioo, na asiyeona akienda pale anakutana na kioo tu. Afisa wao, Mideva, mama Mmaragoli mwenye sauti ya chini, alisema amechoka kuwaona watu wakisimama mbele ya kioo wakisimuliwa. Ngazi za mlangoni walikuwa wameshazivunja wakaweka mteremko wa saruji kwa wenye viti vya magurudumu. Sasa alitaka chumba cha kugusa.

Wathome alimaliza kuchonga, akatutoka kabla sijaanza kusugua. Wajua kazi yetu ilivyo: mume anachonga, mke anapiga msasa na kupaka rangi ya viatu mpaka mng'ao utoke. Mtalii hanunui kitu chenye alama za tezo. Basi nilikaa kibarazani nikazisugua zile nakala kuliko nilivyowahi kusugua kitu chochote, maana nilijua hakuna nyingine zitakazotoka mikononi mwake. Jirani alinitania kwamba sasa naweza kuchana nywele nikijitazama kwenye mwiko.

Siku ya kuzijaribu, Mideva alimwita bwana mmoja asiyeona, anaitwa Luseno, ambaye kazi yake ni kupokea simu katika kiwanda kule Industrial Area. Ni mtu wa mzaha. Alipoambiwa mimi ni Mkamba aliuliza muthokoi wake, kile chakula chetu cha mahindi ya kukoboa, uko wapi, akasema bila muthokoi hatoi maoni. Akashika kigoda, akashika mwiko, akashika mzinga, akarudia kigoda. Kisha akaniambia kwa upole, "Mama, hii umesugua mpaka fundi ametoka. Zote ni kama sabuni ya kuogea."

Sikukasirika. Nilienda msalani nikalia kidogo, nikanawa uso nikarudi. Nikamkuta Mideva akisema kwamba huenda atatafuta fundi mwingine achonge upya, na safari hii zisipigwe msasa.

Nilirudi nyumbani nikakitazama kigoda cha Mama. Hicho nilikuwa nimeshindwa kukisugua tangu mazishi. Kila nikichukua msasa naona kwamba vumbi litakaloanguka ni Wathome.

Juma lililofuata nilikifunga kwenye leso nikaenda nacho. Nilikusudia wakishike tu, nirudi nacho. Luseno alikipakata, vidole vyake vikatembea polepole na mzaha wote ukaisha. Akaniuliza kama fundi alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Nikasema ndiyo. Akaendelea mpaka mguu wa tatu, akakaa hapo muda.

"Hapa alikuwa amechoka," akasema. "Lakini hakuacha."

Shemeji, mguu ule Wathome aliuchonga akiwa ameketi kitandani, mimi nimekishikilia kigoda kisiteleze. Hilo sijamwambia mtu yeyote, hata wewe.

Kwa hivyo sasa nikujibu. Kigoda hakipo nyumbani. Nimewapa. Nilijua ni cha Mama, na nilijua nikiwauliza kwanza mtakataa, ndiyo sababu sikuwauliza. Mideva alinionya kwamba mikono mingi itakila, na miaka ikipita alama zote zitafutika. Nikamwambia ni afadhali zifutwe na mikono inayozisoma kuliko msasa wangu.

Mama akisema kirudi, nitakwenda kukichukua mwenyewe, hayo tumeelewana na Mideva. Ninachoomba ni mje naye kwanza. Magoti yake yasiwatie hofu, mlangoni hakuna ngazi. Nawe ingawa una macho, yafumbe siku hiyo, upitishe mkono kuanzia kwenye kikalio kuelekea miguuni. Wewe ni fundi, huhitaji nikueleze utakachokuta.

Hapo nimefika mwisho wa maneno, ingawa si mwisho wa ninayoyawaza. Nisalimie Koki, na umwambie kunde zake zilifika salama. Mama msalimie kwa mikono miwili. Habari ya kigoda mpe ukiwa umeketi karibu naye, na iwe amekwisha kula, si kabla.

Shemeji yako,
Mwelu wa Wathome