Khanga Yangu Kwenye Tope la Moto

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Huku Kimamba sisi wazima, babu yako anavuna mpunga. Umeniuliza kama niliwahi kuiogopa ardhi inayofuka mvuke, kama hiyo unayoisomea.

Niliiogopa. Nikiwa msichana, baba alitupeleka kuona maji moto, ng'ambo ya Mikumi. Tope lilitokota kama uji. Dada yangu Zuhura akakanyaga ukingoni, mguu ukazama. Baba akataka kumkimbilia.

"Usije, baba, mtazama nyote wawili," nikamwambia.

Nikalala kifudifudi, nikamrushia khanga, nikamvuta taratibu mpaka akatoka. Mguu ulibabuka, ukapona.

Tulipofika nyumbani baba alininawisha mikono yeye mwenyewe.

Nasikia huko masomoni, mkifika penye mvuke, wenzako wanakupisha utangulie kwa kuwa unajua pa kukanyaga. Nimeitangazia Kimamba nzima.

Bibi yako,
Mwanahawa