Kamba wa Mukuyuni

Dada Mwende,

Salamu tamu kutoka Mukuyuni, ambako nakula fungate kwa ndengu na chapati. Mutuku wangu amenileta kazini kwake, ambako huwatafutia akina mama wanaosuka vyondo, vikapu vyetu vya mkonge, watangazaji wa ng'ambo. Dada, hata akiandika barua pepe anapendeza.

Jana nusura oda yao ya kwanza ipotee. Mnunuzi wao Marta wa Poland, ambaye watu humlipa kila mwezi ili waone video zake, alitafsiri kwa simu lebo yetu yenye jina la kabila letu, "Vikapu vya Kamba". Akawaahidi watu wake vikapu vya kamba, wale wa baharini wenye masharubu. Wakaanza kuuliza kama kamba hao watafika wakiwa wabichi, naye akihofia wataoza njiani akataka kuvunja mkataba.

Mutuku alitokwa jasho hadi nikampepea kwa leso yangu. Tukampigia Marta kwa video, wafuasi wake wakitazama. Mama Nthenya, mwenyekiti wa kikundi, akainua kiondo.

"Mwambie huku hata maji ya kunywa tunafuata na punda. Hao kamba wataogelea wapi?"

Mutuku akamfasiria, Poland ikacheka, na oda ikabaki. Kwa furaha mume wangu akanikumbatia mbele ya kamera na kusema kwa Kiswahili, "Huyu ndiye Kamba wangu."

Simu ya Marta ikatafsiri vilevile. Sasa wafuasi wanauliza mimi napikwa na nini.

Nibusie Mama, umwambie napikwa kwa mapenzi.

Kavinya wako