Mwenye Rungu Kwenye Kadi

Sylvester wangu,

Vipi Tarime? Huku Ikoma mvua imegoma. Mgeni mmoja wa loji ninakofanya kazi kaniachia kadi ya zamani ya mchezaji wa besiboli. Ungeiona! Ukingo wa dhahabu, wekundu haujapauka, na mchezaji kainua gongo kama anataka kuruka nje ya karatasi. Naitoa mfukoni kila saa, kazi haziendi.

Bibi, na macho yake mabovu, kauliza, “Huyu mwenye rungu ni wa ukoo gani? Ndiye mchumba wako?”

Zablon ameshaleta ng'ombe wa mahari yangu. Wamo zizini mwa baba, na mimi usingizi sina.

Bibi nimemjibu kwamba ndiye, anaitwa Sylvester. Sasa kila asubuhi anatoka kuangalia njia. Njoo upesi, hata kama ng'ombe huna.

Winfrida