Damu ya Mdogo Wake Yakobo

Mkolani, Mwanza
12 Agosti 1996

Dada Adoyo,

Shikamoo. Sisi tupo. Tangu viwanda vya minofu vifunguliwe, sangara hatumwezi tena, tunakula mapanki, ile mifupa inayobaki kiwandani. Yakobo ameng'oka jino la mbele.

Mimba yangu haikufika, dada. Mtoto alifia tumboni.

Daktari alinieleza kwamba mtoto akiwa tumboni damu yake hutengenezwa na ini kwanza, baadaye na mifupa. Chembe zake za damu hazidumu kama zetu, kwa hiyo hana budi kutengeneza nyingine kila siku.

"Damu yako na yake hazikupatana," alisema. "Mwili wako uliziua chembe zake haraka kuliko alivyoweza kuzitengeneza."

"Kwa hiyo nimemuua mimi?"

"Hapana, mama. Ulipomzaa Yakobo ulitakiwa kuchomwa sindano ya kuzuia hili. Huko kijijini haikuwepo."

Nikamwuliza kuhusu mtoto atakayefuata. Akainamisha kichwa, akasema huyo huenda akafa mapema zaidi.

Mama mkwe anasema nimerogwa. Gidion mume wangu amemkatalia mbele ya ndugu zake wote, lakini Gidion naye anajua tu kwamba mtoto aliishiwa damu. Jana alinishika mkono akaniambia, "Usilie, mama Yakobo. Tutapata mwingine."

Nikamjibu, "Ndiyo."

Tangu hapo amekuwa akiimba anapooga. Njoo, dada, umwambie wewe alichosema daktari. Mimi nimeshindwa.

Mdogo wako anayekungoja,
Perez