Mtendaji Kemi Hakuja Izigo

Jumatatu, 4 Novemba. Bukoba
Leo tumerekodi Kanazi, onyesho la baraza la kijiji, tumelirudia mara saba. Mara ya kwanza jogoo. Mara ya pili mvua. Zilizobaki ni mwongozaji na kichwa chake kigumu. Nimegonga meza kama Mtendaji Kemi, nimewafokea waliomdhulumu mjane, nimeshangiliwa na watu waliolipwa kushangilia. Mkono unauma.

Nimerudi mjini, mama mmoja akanisimamisha sokoni. Jirani yake kang'oa miti ya milamula ya mpakani usiku na kuipanda hatua tatu ndani ya shamba la mama huyo. "Mtendaji, uje upime mwenyewe." Nikamwambia naitwa Editha, naigiza tu. Akacheka, akanipa ndizi. Nimezipokea. Najichukia kidogo.

Alhamisi, 7 Novemba
Anitha kapiga simu. Mjane wa kaka yangu Nestori. Kikao cha ukoo ni Jumamosi ya wiki ijayo, Izigo. Kaka yetu mkubwa, Elizeus, anataka kibanja chote cha marehemu, migomba na kahawa na nyumba, kwa sababu Nestori kaacha mabinti wawili bila wa kiume. Wosia upo. Uko kwenye daftari la shule, Anitha analo. Elizeus anasema Anitha kaliandika mwenyewe, na amekataa lifunguliwe.

Nestori aliandika mbele yangu. Mashahidi tulikuwa wawili, mimi na baba yake wa ubatizo, na huyo mzee alitangulia kufa. Nimebaki mimi.

Siku ya mazishi ukoo uliuliza kama kuna aliyeona wosia. Nilitazama chini. Naandika ili nisijidanganye baadaye: nilisikia swali vizuri, nikatazama chini.

Jumamosi, 9 Novemba
Elizeus kapiga. Hakufoka. Heri angefoka.

Nilipoachika, ni yeye aliyenikatia kona ya shamba lake, nikajenga vyumba viwili huko Izigo. Mama anaishi kwake. "Dada yangu, ile kona nilikupa kwa moyo. Usije kunivua nguo mbele ya wazee." Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Nilikuwa sijala.

Jumanne, 12 Novemba
Tamthilia imerushwa jana. Kemi kashinda tena. Simu imejaa pongezi. Mama anasema Elizeus alikaa mbele kabisa ya televisheni, na mjane aliporudishiwa shamba lake alipiga makofi. Eti anajisifu kwa majirani kwamba huyo ni dada yake.

Nimecheka peke yangu kama chizi. Nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nimepanga vyombo, nikavipangua. Natamani niugue Ijumaa. Kitu kidogo tu, malaria.

Ijumaa, 15 Novemba
Sijaugua.

Jumamosi, 16 Novemba. Izigo
Niandike haraka kabla sijaanza kujipamba kwa maneno.

Nyasi mpya sakafuni. Wazee kwenye viti, wanawake chini. Kahawa ya kutafuna ikapitishwa kwenye kikapu, nikachukua punje mbili. Anitha kando ya mlango, daftari mapajani. Hakunitazama. Ana haki.

Nikaomba kusema. Nikasimama. Na sauti iliyotoka si yangu. Kiswahili safi, mkono hewani, haki ya mjane, machozi ya yatima, ardhi haichagui mwana wa kiume wala wa kike. Yote ya Kemi. Hata pale pa kunyamaza kidogo nilinyamaza.

Wakapiga makofi. Elizeus naye! Mzee wa ukoo akatabasamu. "Umesema vizuri, mwanangu, kama kwenye televisheni. Sasa keti tuendelee."

Nikaketi. Ndipo nikagundua nimehutubia dakika nzima na sikusema kwamba nilikuwepo wosia ukiandikwa. Nilitetea wajane wote wa dunia, nikamwacha Anitha.

Nikapiga magoti. Kemi hapigi magoti. Nikasema kwa Kihaya, taratibu, nikikwama. Waitu, wazee wangu, mimi ni shahidi. Nestori aliandika akiwa kwenye benchi la nje. Kalamu iliishiwa wino akiwa mstari wa mwisho, akamalizia kwa penseli ya binti yake mdogo, mimi nikatia sahihi kwa penseli hiyo hiyo. Siku ya mazishi nilinyamaza kwa sababu ya nyumba yangu. Niliogopa kufukuzwa. Ndiyo sababu, sina nyingine.

Hakuna aliyepiga makofi.

Mzee akanyoosha mkono, Anitha akampelekea daftari. Akavaa miwani. Akasoma hadi chini, akapitisha kidole kwenye mstari wa mwisho, ule wa penseli, akampa mzee wa pembeni. Likazunguka wote. Lilipofika kwa Elizeus hakulipokea.

Kibanja ni cha mabinti, mama yao akitunze. Imeandikwa, wazee wametia dole gumba. Anitha alilia. Sikujisikia shujaa. Nilijisikia mwizi aliyerudisha alichoiba.

Jumapili, 17 Novemba
Kanisani Elizeus alikaa benchi la mbele yangu. Tulipoambiwa tupeane amani aligeukia upande mwingine. Shingo yake imezeeka. Nampenda yule mtu, na nina hasira naye.

Jumatano, 20 Novemba
Elizeus alituma ujumbe wa mstari mmoja, nihamishe vitu vyangu kabla ya Ijumaa. Leo nimekodi pikapu ya Muleba. Kitanda, godoro, masufuria, kabati lisilofunga. Anitha na mabinti wamekuja kubeba. Wamenipa chumba cha nyuma.

Mama hakutoka kuniaga. Nilipiga hodi mara mbili. Mlango wa jikoni kwake ulikuwa umefungwa, na moshi ulikuwa unatoka juu ya paa. Nilimsikia akikoroga chungu, kisha akaacha kukoroga. Nikamwambia kupitia mlangoni kwamba siendi mbali, ni ng'ambo ya migomba tu. Nikasubiri kidogo. Dereva akapiga honi, nikapanda.